Mkataba wa Wiki Mbili Mbili

"Kuanzia leo, kiliya njo mimi."

Hapo ndipo tulipokatikia Jumamosi iliyopita, na hapo ndipo tunapoanzia, maana aliyejitangaza mteja kwa maneno hayo bado amekaa, na kiti alichokalia si chake.

Kiti ni cha Papa Kanamugire, mkuu wa ushirika wa wafugaji wa maziwa wa Kitshanga. Aliyekikalia ni Komanda Straton. Watu wake walishuka kutoka milimani wakauchukua mji siku nne zilizopita, asubuhi moja tu, kabla chai haijapoa. Nyuma yake wamesimama wasaidizi wake wawili wenye bunduki. Mbele yake uko ukuta uliojaa kadi za karatasi, kila kadi kazi moja, na kando ya ukuta amesimama Kaswera, binti wa Butembo, fundi wa programu za kompyuta. Dakika tano kabla ya hapo alikuwa akiwaonyesha wafugaji kazi ya wiki mbili, nao walikuwa wakimpigia makofi.

Sasa makofi yamekwisha.

"Kontra iko wapi?" Straton aliuliza, akimaanisha mkataba.

Kwa waliokosa matoleo ya nyuma, nao wasione haya kwa sababu barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, kisa chenyewe ni hiki. Ushirika ulitaka programu ya simu. Mfugaji atume ujumbe: leo nimekamua lita kadhaa. Programu imjibu: pikipiki fulani itapita saa fulani, kwa barabara ambayo leo iko wazi. Mwanzoni kazi ilipewa bwana mmoja wa Goma. Bwana aliandika mkataba wa kurasa themanini, kila kitu kimepangwa mpaka kitufe cha mwisho, kwa bei moja, akachukua nusu yake mbele. Baada ya miezi tisa akaleta programu safi kabisa. Ilizijua barabara zote za vita vilivyokwisha. Bahati mbaya, vilikuwa vimeanza vingine.

Ndipo Kaswera akaja na kurasa nne. Tunafanya kazi wiki mbili, alisema, unaona kwa macho yako, unalipa, unabadilisha unachotaka, tunaanza tena. Asiyeridhika anasimamisha wiki mbili zikiisha, na hakuna kugombana.

Papa Kanamugire alimtazama sana siku ile. "Binti yangu, kwa hiyo nanunua ng'ombe kipande kipande? Leo muguu, halafu mukia?"

"Hapana, Papa. Unanunua maziwa. Unalipa ya leo, haulipi ya maisha yote ya ng'ombe."

Mzee alicheka, akatia sahihi. Lakini hayo yalikuwa kabla ya Straton.

Straton aliusoma mkataba polepole, kidole kikifuata mistari. Kumbe kabla ya kupanda milimani alikuwa amesoma sheria miaka miwili, na tangu hapo hakuna mtu aliyempa karatasi nzuri ya kusoma.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, Komanda."

"Bila avoka, mutu wa sheria?"

"Avoka aliomba feza mingi kupita programu yenyewe."

Straton alitikisa kichwa, akaonyesha kusikitika kweli. Kisha akafika kipengele cha tano, akasoma kwa sauti: "'Mteja ana haki ya kubadili mawazo yake kila mwanzo wa awamu, bila faini.'" Akarudia. "Hii iko muzuri sana. Sijaonaka kontra inaheshimu kiliya hivi. Hii njia ya kazi iko na jina?"

"Wenye kuianzisha waliita agile."

"Njo kusema?"

"Mwepesi. Mutu wa kugeuka mbio, hali ikigeuka."

"Kumbe ni kama sisi," alisema Straton. Akawageukia wasaidizi wake, nao wakakubali kwamba ni kama wao.

Wafugaji walitazama mabuti yao.

"Bon. Nimebadili mawazo," Straton aliendelea. "Ya kwanza, kila pikipiki inapita kwa bariyeri zangu, inalipa, programu iandike. Ya pili, barabara iko wazi ni ile mimi nasema iko wazi. Ya tatu, nataka liste ya kila mufugaji: jina lake, ng'ombe ngapi, kilima gani. Ijumaa hii."

Kaswera aliitupia meza jicho.

Liste hiyo ilikuwapo tayari. Ilikuwa hapo hapo mezani, ndani ya kompyuta iliyokuwa wazi, hatua mbili kutoka magoti ya Straton. Familia mia mbili na kumi na nne. Programu ingelipaje maziwa bila kujua ni ya nani? Majina yote, ng'ombe wote, na kilima cha kila mmoja ili pikipiki isipotee njia.

Straton hakujua. Papa Kanamugire alijua. Macho yao yalikutana, yakakimbiana.

Kaswera aliegemea meza kama mtu aliyechoka kusimama, na kiwiko chake kikafunga kifuniko cha kompyuta, taratibu.

"Inawezekana," alisema. Alijishangaa kusikia sauti yake imetulia. Ilikuwa ile ile aliyoitumia na wateja wote. "Lakini, Komanda, bajeti iko ya siku kumi za kazi. Sisi ni wawili: mimi hapa, na Jules kule Kibua. Ukuta umejaa. Kadi moja ikiingia, ingine inatoka. Tutoe gani?"

"Musitoe kitu. Fanyeni yote."

"Yote tunaweza. Kwa miezi mitatu."

"Nimesema Ijumaa."

"Ijumaa hii hakuna hata moja. Ijumaa ya wiki ya pili, moja."

"Nikikuongezea watu?" Straton alionyesha wasaidizi wake kwa kidevu.

"Wanajua kuandika programu?"

Msaidizi wa kushoto, ambaye kazi yake ilikuwa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, alisema anajua kuweka muziki kwenye simu.

"Watanichelewesha, Komanda. Kuwafundisha tu kutakula siku zote kumi."

Wafugaji walingoja kuona binti wa watu akipigwa. Hakupigwa. Straton alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, anasoma kadi. Alitaka kadi zake tatu ziandikwe. Ziliandikwa. Alitaka zibandikwe juu kabisa. Kaswera akamwomba aseme ipi ni ya kwanza kati ya hizo tatu.

"Bariyeri," alisema msaidizi wa kushoto haraka.

"Bariyeri ya nini?" alisema wa kulia, ambaye kazi yake ilikuwa ng'ombe. "Vijana wako wanakula nusu ya kila kitu. Unataka mashini iandike ile nusu ingine?"

"Na wewe unataka liste ya ng'ombe ju ya nini? Juzi ulileta kumi na mbili, Komanda aliona kumi."

"Mbili zilikufa!"

"Zilikufia kwa sahani ya nani?"

Waligombana saa nzima. Bunduki zilikuwa zimeichukua Kitshanga katika asubuhi moja, lakini hazikuweza kuongeza siku ya kumi na moja kwenye siku kumi. Papa Kanamugire, ambaye alikuwa amepitia mabishano hayo hayo na binamu zake wote, alianza kumwonea Straton huruma bila kupenda.

"Nyamazeni!" Straton alipiga meza. Kompyuta iliruka. "Liste njo ya kwanza. Imeisha."

Msaidizi wa ng'ombe alitabasamu.

Kaswera alijua akisema hapana, bunduki ndizo zitakazojibu. Akaufungua mkataba ukurasa wa pili.

"Sawa, Komanda. Inabaki kitu kimoja tu. Kiliya akibadilika, tunaandika karatasi ya nyongeza. Kipengele cha pili. Kiliya ni mutu mumoja, siyo kikundi. Anaandika jina lake lote, namba ya kitambulisho, fasi anakaa, anatia sahihi. Kila asubuhi anakuya hapa robo saa, ajibu maulizo yetu. Na mwisho wa wiki mbili njo yeye analipa."

Hakuwa akidanganya. Kipengele hicho alikiandika kwa ajili ya binamu za Kanamugire, waliokuwa wakitoa amri saba kwa siku moja, kila mmoja ya kwake.

Straton alivuta kalamu. Aliweka ncha yake juu ya karatasi nyeupe ambayo Kaswera alimsogezea.

Kalamu haikutembea.

Kitshanga nzima ilimjua kwa jina moja, Straton. Jina la baba yake hakuna aliyelijua. Kilima alichozaliwa, hakuna. Miaka miwili ya sheria haikumfanya wakili, lakini ilimtosha kujua kwamba karatasi yenye jina na sahihi inaweza siku moja kufika mezani kwa jaji, katika mji ambao bunduki zake hazitaingia.

Akarudisha kalamu mfukoni.

"Muzee abaki kiliya," alisema, kama anayetoa zawadi. "Mimi nitakuwa... munaita aje yule mutu kazi inamuhusu, lakini si yeye anatia sahihi?"

"Partie prenante."

"Njo ile. Andika mimi ni partie prenante."

Katika kazi za Kaswera, partie prenante ni mtu ambaye maoni yake yanasikilizwa kwa adabu, kisha mteja anaamua. Ni mara chache huja na bunduki mbili.

Mlangoni Straton aligeuka. "Lakini siku ya kuonyesha nitakuya. Na nitapenda kuona liste." Akachukua jibini moja kutoka rafuni, akaondoka.

Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Papa Kanamugire. Alikwenda kwenye kiti chake, akakipangusa kwa mkono wa koti, akakaa.

"Futa majina," alisema.

Lakini Jumatatu asubuhi, walipokutana wawili tu mbele ya ukuta, jambo halikuwa jepesi hivyo.

"Papa, nikifuta, maziwa ya wiki sita haina mwenyewe. Mama Mukagasana analeta lita ine kila siku, na ni mujane. Tutajuaje ni zake?"

"Akili yako inasema nini?"

"Kila mufugaji iko na bidon yake ya kuletea maziwa, na bidon iko na namba imechorwa chini. Jina itoke, ng'ombe zitoke, kilima itoke. Namba ya bidon njo ibaki. Mashini ilipe bidon."

"Na nani atajua bidon ni ya nani?"

"Mwenye bidon. Na wewe, kwa kichwa."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini.

"Kaswera. Mbele ya mashini hii, nilikuwa najua yote kwa kichwa. Nikakulipa wiki mbili uyatoe kwa kichwa, uyaingize kwa mashini. Sasa nikulipe tena wiki mbili uyatoe kwa mashini, uyarudishe kwa kichwa?"

"Ndiyo, Papa."

"Nilipe ili ijue kidogo kuliko jana."

"Ndiyo, Papa. Na itakula siku sita kati ya kumi. Pikipiki na barabara zinategemea vilima, kwa hiyo itabidi Jules abomoe sehemu yake yote, aijenge upya."

Nje pikipiki mbili zilikuwa zikigombania njia na kundi la ng'ombe.

"Siku sita," alisema mzee. "Nini inatoka?"

Wote wawili walikuwa wakitazama kadi moja, ya juu kabisa kulia, iliyokuwa pale tangu siku ya kwanza. Iliandikwa kwa mkono wa mzee mwenyewe: *Bei ya jibini Goma, kila asubuhi.* Miaka thelathini Kanamugire alikuwa akiuza jibini kwa bei aliyoambiwa na mnunuzi. Programu nzima, ukimuuliza yeye, ilitengenezwa kwa ajili ya kadi ile. Awamu hii ndiyo ilikuwa zamu yake.

"Naweza kufanya hii ya bidon bila malipo," Kaswera alisema. "Nje ya kontra. Na yako ibaki."

"Na wewe utakula nini? Hapana." Mzee alisimama. "Kufuta nayo ni kazi. Kontra iko kontra."

Akaibandua kadi yake mwenyewe. Hakuipasua. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akavaa kofia.

"Anza," alisema.

Kaswera alianza. Hakuwa mtu wa kulia, ila siku ile aliandika saa mbili nzima bila kuinua kichwa, asije akaonekana.

Ilibaki Goma.

Nusu ya fedha za kazi ilitoka kwa shirika moja la Goma, na mambo ya shirika yalipitia kwa Consolée, msimamizi wa miradi, mwanamke mwenye moyo mzuri na fomu nyingi. Mtandao ulikuwa umekatwa mjini. Ili kupata simu, Kaswera alipanda kilima cha nyuma ya kambi ya wakimbizi, akainua simu juu mpaka ikashika.

"Dada Kaswera! Nilikuwa nakutafuta!" Consolée alipaza sauti. "Sehemu yenu ya pili ya feza iko tayari. Inakosa kitu kidogo tu. Liste ya wafugaji. Jina, ng'ombe ngapi, na kilima gani."

Kaswera alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

"Unacheka nini?"

"Kuna mwingine aliniomba ile ile. Jumamosi."

"Nani huyo?"

"Partie prenante."

"Yeye alikupa tarehe gani?"

"Ijumaa ya wiki ijayo."

"Basi sisi tunaweza kungoja mpaka Jumatatu," alisema Consolée kwa ukarimu.

Ikabidi Kaswera amweleze yote. Kiti, bunduki, kalamu isiyotembea.

"Mungu wangu," Consolée alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Nimekuelewa. Kweli nimekuelewa. Lakini safu ya jina haiwezi kubaki tupu. Mashini yetu inakataa."

"Nitaweka namba ya bidon."

"Inakataa namba. Inataka herufi."

"Nitaandika namba kwa herufi. Mia Mbili na Tatu."

Consolée alifikiri. "Jina la kwanza na jina la pili?"

"Jina la kwanza Bidon."

"Bidon Mia Mbili na Tatu," Consolée alilijaribu jina mdomoni. "Bon. Hapa ofisini nimeonaka majina ya ajabu kupita hiyo. Tuma."

Kaswera alishuka kilima akikimbia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi aliona njia. Ilibaki jambo moja lililomkera: Jules hakupatikana. Tangu mtandao ukatwe, Jules, ambaye vita vilimsukuma mpaka Kibua, upande wa Walikale, alikuwa akipanda kilima chake kila asubuhi, naye Kaswera chake, wakaongea robo saa. Lakini safari hii, baada ya kupewa kazi mpya Jumatatu, simu yake ilinyamaza siku mbili.

Alhamisi ikaita. "Betri," alisema Jules. "Usijali. Ninafanya."

Na kweli alifanya. Jumatano ya wiki ya pili, pikipiki ya mchele kutoka Walikale iliingia Kitshanga. Kila bariyeri ilikuwa imechota kikombe chake kwenye gunia, lakini ndani kabisa, kwenye mfuko wa plastiki, Kaswera alikuta kile kidude cha USB alichokingoja. Kazi ya Jules ilikuwa kamili. Ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kuleta. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne ya kufanya kazi pamoja, Jules alikuwa amemaliza siku mbili mapema.

Kaswera alimshukuru Mungu. Hakujiuliza zaidi.

Ijumaa ilifika.

Chumba kilijaa saa tatu asubuhi. Wafugaji walisimama ukutani, kila mmoja na bidon yake, kama walivyoagizwa. Mama Mukagasana aliwekwa mbele kwa sababu macho yake hayakuona vizuri. Straton aliingia na wasaidizi wake wawili, akasalimia vizuri, na safari hii hakukikalia kiti cha mzee. Aliketi kwenye benchi, upande, mahali pa partie prenante.

"Onyesha," alisema.

Kaswera aligeuza kompyuta. Mama Mukagasana alituma ujumbe wake kwa wifi ya kompyuta yenyewe, maana mtandao wa mji bado ulikuwa umekatwa: lita nne. Kioo kikajibu: *Bidon 88, lita 4, imepokelewa.* Wafugaji waliguna kwa furaha. Wa pili akatuma, wa tatu, wa nne.

Straton aliinuka. Aliinama mbele ya kioo, akashusha kurasa kwa kidole chake mwenyewe. Moja, mbili, tatu, mpaka mia mbili na kumi na nne.

"Hapa hakuna mutu hata mumoja," alisema.

"Kuna bidon," alijibu Papa Kanamugire.

"Nilisema nataka liste."

"Ulisema, Komanda. Tulikusikia kwa adabu. Lakini kiliya ni mimi, na kiliya hakuiweka mbele."

Msaidizi wa ng'ombe alishusha bunduki begani. Mama Mukagasana alikumbatia bidon yake kifuani. Kaswera alipiga hatua moja, bila kujua anakwenda wapi, na akajikuta amesimama kati ya bunduki na mzee. Mzee alimshika bega ili amsogeze. Hakusogea.

Na hapo Straton akacheka.

Alicheka vizuri, kwa sauti, kama mtu aliyepigwa bao na mchezaji anayempenda. Akamwashiria msaidizi arudishe bunduki.

"Muko watu wa maana," alisema. "Kweli. Kontra yenu nimeisoma mara ine. Siwezi kuivunja, imeandikwa vizuri. Muifuate tu." Akaketi, akafungua mfuko wa koti lake. "Ila hakuna kipengele kinanikataza kuwa na yangu."

Akaweka mezani rundo la karatasi. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, imepigwa mashine, kurasa zimefungwa kwa uzi. Kaswera alisoma ukurasa wa kwanza. *Utengenezaji wa daftari la wafugaji wa Kitshanga: majina, mifugo, makao. Bei moja. Hakuna mabadiliko. Mteja hatajwi.*

"Komanda, mimi siwezi kutia sahihi hii," alisema Kaswera. Sauti yake safari hii haikutulia. "Unaweza kunipiga. Siwezi."

"Nani amekuomba?" Straton alishangaa kabisa. "Fungua ya mwisho."

Kaswera alifungua ukurasa wa mwisho. Upande wa mteja palikuwa patupu, kama alivyotazamia. Upande wa fundi palikuwa na sahihi.

Aliijua kabla hajaisoma. Ile J yenye mkia mrefu, na mistari miwili chini yake. Miaka minne aliiona sahihi hiyo kando ya yake kwenye kila mkataba walioupata pamoja. Jules, ambaye ndani ya kompyuta yake mlikuwa na kazi yote tangu siku ya kwanza. Jules, mwenye nakala ya majina yote mia mbili na kumi na nne ambayo mzee alikuwa amelipa yafutwe.

"Binti yangu," Papa Kanamugire aliuliza nyuma yake, "ni sahihi ya nani?"

Kaswera alikuwa akitazama kidole chake gumba, pale kilipogusa karatasi. Kilikuwa cha bluu.

Wino ulikuwa mbichi, sahihi ya asubuhi ile ile. Kutoka Kibua hadi Kitshanga ni siku mbili kwa pikipiki, barabara ikiwa nzuri.

Na nje, nyuma ya ukuta wa kadi, mtu alikohoa kikohozi ambacho, baada ya miaka minne, Kaswera angekitambua hata katikati ya soko.